Ombi la Kusajiliwa Kuwa Kifaa Halali cha Vani Namba Kumi na Nne

Verna Tollefson (Bi),
Mtaa wa Misonobari,
Cloquet, Minnesota.
Jumatano, katikati ya Januari

Kwa Bwana Whitcomb Ayres,
Meneja wa Huduma na Matengenezo,
Kampuni ya Saguaro ya Usalama wa Vani,
Phoenix, Arizona.

Ndugu Meneja,

YAH: VANI YENU KUINGILIA NDOA YANGU

Natumaini barua hii imekukuta salama, wewe na wote wanaofanya kazi chini yako. Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima, kwa sababu niliolewa mwezi wa Oktoba. Nimependa ulijue hilo kabla hujafika kwenye malalamiko, maana mtu akisoma malalamiko bila kujua kwamba mwandishi ana furaha anaweza kumdhania mtu wa nongwa. Mimi si mtu wa nongwa. Nina miaka hamsini na sita, ni mpishi katika jiko la shule ya sekondari, na kila asubuhi nikiamka nageukia upande wa pili wa kitanda kuhakikisha kwamba sikuwa naota. Namkuta yupo. Anakoroma kidogo. Ni mkoromo mzuri, Ndugu Meneja, wa taratibu na wa kutegemewa, kama tanuru lililosafishwa vizuri kabla ya majira ya baridi.

Huyo ndiye mume wangu, Orrin Tollefson. Ni fundi wa matanuru ya kupasha nyumba joto katika kampuni ya Bwana Gordy Brekke hapa Cloquet, na ndiye dereva wa vani namba kumi na nne. Tangu Novemba vani zote za Bwana Brekke zimefungwa vifaa vyenu: ile kamera ndogo inayomkodolea dereva macho, vihisi vya pembeni na vya nyuma, kengele ya mkanda, na yule mwanamke wenu asiyeonekana anayezungumza ndani ya gari. Kila kosa linatumwa ofisini, na kila mwisho wa wiki dereva anapewa alama.

Orrin ameendesha gari kwenye theluji tangu ujana wake na hajagusa hata mkia wa kindi. Leo ndiye wa mwisho katika kampuni nzima. Yuko nyuma hata ya Dale Sundvall, ambaye mwezi uliopita aliipeleka vani juu ya barafu ya ziwa ili avue samaki, naye akarudi nyumbani kwa miguu. Vifaa vyenu viliona kwamba Dale alikuwa amefunga mkanda, alikwenda polepole na macho yake yalikuwa mbele. Alama zake ni nzuri sana. Vani yenyewe ilitolewa majini kwa trekta.

Ijumaa hii Bwana Brekke amemwita Orrin ofisini. Alama zisipopanda, atamwondoa kwenye vani na kumweka mezani apokee simu za wateja. Ninakuomba utue hapo kidogo, Ndugu Meneja. Mume wangu ni mtu wa kuingia katika nyumba ambayo watu wanakula wamevaa makoti, akapiga magoti sakafuni na tochi mdomoni, akaondoka akiwaacha wenye nyumba wamevua hata soksi. Ukimweka huyo mezani, utakuwa umeninyang'anya nusu ya mwanamume niliyeolewa naye. Yeye mwenyewe hasemi kitu, maana ni mtu wa huku. Nikimuuliza anajibu, “Si mbaya sana.” Lakini Jumapili aliacha kipande cha keki sahanini, nami nikajua ni mbaya sana.

Basi nikachunguza. Bwana Brekke ni mtu mwema, alimpa Orrin karatasi ya makosa yake aende nayo nyumbani. Nikaisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Karibu makosa yote yametokea nyumbani kwetu, kati ya mlango wa jikoni na barabara, asubuhi, wakati tunaagana.

Huenda huko Phoenix mtu akitaka kuondoka anaondoka. Huku kwetu kuondoka ni shughuli yenye hatua zake, na ukiruka hatua moja watu watakaa wiki nzima wakijiuliza walikukosea nini. Kwanza unajipiga mapaja kwa viganja na kusema, “Haya basi.” Hapo huondoki, umetoa taarifa tu. Baadaye unasimama, mnazungumza mkiwa mmesimama. Mnakwenda mlangoni, na mlangoni ndipo yanapokumbukwa mambo ya maana. Mwenyeji anakusindikiza hadi kwenye gari. Unaingia, unawasha injini ipate joto, unashusha kioo, mwenyeji anaegemea dirisha, na mazungumzo yanaanza upya: barabara ikoje, kulungu wako wapi, nani ameingia hospitali. Mwisho mwenyeji anagonga paa mara mbili kwa kiganja. Gari linaondoka, mwenyeji anapunga mkono mpaka lipotee, na dereva anapiga honi mbili akifika konani. Hivyo ndivyo tunavyoagana hata na mtu wa kusoma mita. Sasa fikiria mtu na mumewe waliooana Oktoba.

Kwa maelezo hayo, nayaleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

LALAMIKO LA KWANZA: MKANDA. Orrin anawasha injini, anafunga mkanda kama mlivyomfundisha, anashusha kioo. Nafika dirishani. Hapo tunagundua kila siku, kana kwamba ni mara ya kwanza, kwamba mkanda ukiwa umefungwa shavu lake halinifikii. Mimi si mrefu na vani si fupi. Anaufungua, anajinyoosha, na kengele yenu inaanza kulia. Ndugu Meneja, je, wewe umewahi kumbusu mkeo huku kitu kinawalilia masikioni kama mbuzi aliyefungwa? Ofisini inaandikwa: injini inawaka, dereva hana mkanda. Haiandikwi kwa nini. Chini yake kuna kosa lingine, la kuunguza mafuta gari likiwa limesimama. Kwa baridi ya huku, injini isipowashwa mapema kioo cha mbele kinabaki ukuta mweupe, nanyi mngemwandikia kosa la kutoona.

LALAMIKO LA PILI: MACHO. Kamera yenu imeandika mara nyingi kwamba macho ya dereva hayakuwa barabarani. Ni kweli, hayakuwa barabarani. Yalikuwa kwangu. Gari likianza kutembea ananitazama kwa kioo cha pembeni, na mimi nipo palepale nimevaa koti lake juu ya gauni la kulalia, napunga mkono. Akifika kona ya nyumba ya akina Pelto anapiga zile honi mbili, nayo karatasi yenu inasema “honi bila sababu.” Nilikaa na maneno hayo kwa muda mrefu. Miaka sita niliishi mjane katika nyumba hii, na hakuna gari lililopiga honi kwenye kona ile kwa ajili yangu. Sababu ninayo, ningeweza kuwaletea hata kwa maandishi.

LALAMIKO LA TATU: KUITWA KIZUIZI. Hili limeniuma. Ninapogonga ubavu wa vani, maana paa silifikii, na kutembea hatua chache kando yake, vihisi vyenu vinapiga makelele na kupiga picha. Picha hiyo inatumwa ofisini. Imebandikwa ubaoni, karibu na mashine ya kahawa, na nimeiona kwa macho yangu nilipompelekea Orrin glavu alizozisahau: mimi mwenyewe, nywele zimesimama, mkono umeinuliwa, nimezungushiwa mstari mwekundu, na chini yake neno KIZUIZI. Dale Sundvall alikuwa pale akaniambia kwamba nimetoka vizuri. Nimeitwa majina mengi katika maisha yangu. Mama wa mume wangu wa kwanza alikuwa na majina yangu ya kutosha, lakini aliyasema kwa Kifini na kwa sauti ya chini, wala hakunipiga picha.

LALAMIKO LA NNE: YULE MWANAMKE. Sauti yake ni laini, nakubali. Anamwambia mume wangu, “Unaonekana umechoka. Fikiria kupumzika.” Kisha inatokea picha ya kikombe cha kahawa kwenye dashibodi. Anamwambia hivyo saa moja ya asubuhi, mtu aliyetoka mezani kwangu, kahawa yangu ingali moto tumboni mwake. Najiuliza anataka kusema nini kuhusu kahawa yangu. Na kuhusu uchovu wa Orrin asubuhi, Ndugu Meneja, sisi ni maharusi. Hilo ni letu na halimhusu mfanyakazi wako.

Kibaya zaidi ni kwamba Orrin humjibu. Hawezi kujizuia, amelelewa vizuri. Mtu akimwuliza hali lazima ajibu. Humwambia, “Ahsante, mimi sijambo,” na akikumbuka anamwuliza, “Na wewe je?” Kamera inaona midomo inacheza, inaandika kwamba dereva alikuwa akizungumza kwenye simu. Yule mwanamke anarudi, anamwonya aache kuzungumza. Orrin anamwomba radhi. Linaandikwa kosa la pili. Kuna siku ya baridi kali alikwenda hadi Moose Lake na kurudi wakiombana radhi njia nzima, na alama alizopoteza safari ile hazijarudi mpaka leo.

LALAMIKO LA TANO: HUDUMA YENU KWA WATEJA. Kwa haki, hapa nitaanza na sifa. Nilipopiga simu yenu ya msaada nilisikiliza muziki mpaka nikaosha vyombo vyote vya asubuhi na vya jana yake, lakini hatimaye mlimtuma fundi kutoka Duluth, Dada Kao Lor. Sina neno baya juu yake. Alifika kwa wakati, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaunganisha kompyuta yake na vani, akavipima vihisi vyote kimoja kimoja. Alipomaliza akaniangalia kwa huruma, akasema:

“Mama, mashine haina kosa. Inawaona kama mlivyo.”

Nikamkaribisha ndani. Alikula viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, akaongeza, akakataa kipande cha mwisho kama inavyotakiwa, na nikakifunga kwenye karatasi akachukua. Aliniambia kwamba mama yake naye huwaaga wageni mpaka kwenye gari, kisha huwarudisha ndani kuwapa mboga za majani. Tukaelewana sana. Alijipiga mapaja akasema haya basi. Tukasimama mlangoni. Nikamsindikiza hadi kwenye vani yake, akawasha injini, akashusha kioo, nikaegemea. Tulikuwa tumefika kwenye habari za dada yake wa Saint Paul, anayetaka kuolewa na mtu asiyekula pilipili, tukasikia kengele. Ilikuwa kengele ya vani ya Dada Kao mwenyewe. Kumbe naye mmemfungia! Siku mbili baadaye alinipigia simu kwa sauti ya chini. Alikuwa ameandikiwa mkanda, kuunguza mafuta, macho, na kizuizi kimoja upande wa kushoto. Amepangiwa kuhudhuria mafunzo.

Kwa hiyo sasa si ndoa yangu peke yake. Mashine yenu inamwadhibu fundi wenu kwa sababu alikuwa na adabu nyumbani kwa mteja.

Kabla ya kuondoka, Dada Kao alinieleza jambo moja lililonipa mwanga. Alisema kwamba vihisi havipigi kelele kwa ngazi iliyofungwa juu ya keria, wala kwa mabomba yanayotokeza nyuma, wala kwa kioo cha pembeni, ingawa vyote viko karibu na gari kuliko mimi. Kwa nini? Kwa sababu vimesajiliwa. Mashine imeambiwa kwamba hivyo ni vifaa vya vani. Imevizoea, haivistukii.

Ndugu Meneja, sasa unaona ninakokwenda.

Ninaomba kwa heshima zote nisajiliwe kuwa kifaa halali cha vani namba kumi na nne. Ili kuwarahisishia kazi nimejipima mwenyewe. Mahali pa kifaa ni upande wa kushoto, kwenye dirisha la dereva. Rangi ni koti la kahawia, na Jumapili koti la buluu. Kifaa kinasogea, lakini si mbali. Uzito nitamtajia Dada Kao peke yake. Hali ya kifaa ni nzuri, isipokuwa goti moja linalolia kukiwa na theluji, na hilo halizuii matumizi.

Nikishasajiliwa nitafuata masharti yote. Niko tayari kukaguliwa kila vani inapokwenda sevisi. Ninaelewa kwamba kabla ya majira ya baridi magari hubadilishiwa matairi, na mimi naweza kubadili viatu siku hiyohiyo. Nikiharibika katika muda wa dhamana, nategemea mtanitengeneza kwa vipuri halisi.

Nimelifikiria jambo hili mpaka mwisho, kwa sababu sipendi kuomba kitu nusunusu. Kifaa cha usalama, kwa mujibu wa kijitabu chenu mlichompa Orrin, hakiruhusiwi kuondolewa kwenye gari wakati wa kazi. Hapo mimi nitakuwa sina budi kukaa ndani ya vani kutwa nzima. Sitapinga. Itabidi mkiandikie kijitabu hicho kifungu cha kuiambia shule itafute mpishi mwingine, na mueleze kwamba haukuwa uamuzi wangu, ilikuwa kanuni. Nikiwa ndani ya gari yule mwanamke hatakuwa na kazi tena. Mpeni nafasi nyingine, sitaki apate shida kwa ajili yangu. Maonyo yote nitayatoa mimi: “Orrin, mpenzi, tazama barabara. Kulungu yule. Umekula?” Hilo la mwisho halimo katika mashine yenu, na ndilo linalomwondolea dereva usingizi.

Vani ikizeeka ikauzwa, nami nitauzwa pamoja nayo, kama keria. Sharti langu ni moja tu, Orrin naye asajiliwe kuwa kifaa changu, mnunuzi atuchukue wote.

Mkiona ombi hili ni kubwa, nina dogo. Andikeni barua fupi kwa Bwana Brekke, ifike kabla ya Ijumaa, iseme kwamba makosa yote ya vani namba kumi na nne yalisababishwa na kifaa ambacho kilikuwa bado hakijasajiliwa, na kwamba dereva hana hatia. Itakuwa kweli tupu. Mwanamume yule hajamkosea mtu barabarani. Kosa lake lote ni kwamba kila asubuhi anaondoka kwangu kana kwamba hataki kuondoka, na mimi nimeishi nikijua tofauti yake. Mume wangu wa kwanza alikuwa mtu mwema, lakini aliondoka siku ya mwisho bila kuaga, moyo wake ukasimama njiani, na sikuwa dirishani kwa sababu nilikuwa naosha sufuria. Tangu hapo sitaki sufuria iniambie kitu. Nitakuwa dirishani. Mashine yenu itanizoea.

Nisalimie mkeo, kama unaye, na kama huna usikate tamaa, mimi nilikutana na wangu chini ya ngazi za ghorofa ya chini ya kanisa, tanuru lilipozimika katikati ya mnada wa keki. Nisalimie wale wa simu, hasa yule kijana wa kike aliyenitakia siku njema mara tatu kabla ya kukata. Huyo ana damu ya huku. Dada Kao msimpe mafunzo, mpeni cheo. Orrin angewasalimu lakini hajui kwamba ninaandika.

Ni mimi niliye tayari kufungwa mahali pake,

Verna Tollefson (Bi)

Nyongeza baada ya sahihi. Leo ni Jumatatu. Barua hii haikutumwa Jumatano kama nilivyokusudia, kwa kuwa nilikwenda posta nikakutana na Bi Pelto, na tulipomaliza kuagana posta ilikuwa imefungwa. Yaliyotokea baadaye yananilazimu kuongeza.

Ijumaa Bwana Brekke hakumweka Orrin mezani. Alimpa nafasi moja ya mwisho: vani ilale kwenye uwanja wa kampuni, isionekane tena nyumbani kwetu, na likiingia kosa jingine lolote mwezi huu, Jumatatu inayofuata atakaa kwenye simu. Orrin alikubali. Ikawa basi kazi yangu kumpeleka asubuhi kwa gari langu dogo, ambalo ni kuukuu na halina kamera wala kihisi wala mtu wa kusema ndani yake. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nilimwambia Orrin kwamba hatimaye tutaagana kama binadamu.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Tulifika mapema. Orrin alishuka, akazunguka, akaegemea dirisha langu, safari hii mimi ndiye niliye ndani na yeye nje. Nilifungua mkanda ili shavu lifike. Hapakulia kitu. Ilikuwa raha kubwa. Tulizungumza kuhusu barabara na kuhusu nyama ya jioni, akagonga paa mara mbili, nami nikatia rivasi. Nilikuwa nimemgeuzia uso yeye, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unapunga, na nakumbuka nilikuwa nawaza jinsi kofia yake ya sufu inavyompendeza. Gari lilirudi nyuma vizuri tu mpaka lilipogota.

Ilikuwa vani namba kumi na nne. Bampa limeingia ndani, taa moja imekwenda, na mlango wa nyuma sasa unafunguka kwa kubembelezwa.

Bwana Brekke alitoka na kikombe chake cha kahawa. Alizunguka vani polepole, akazunguka gari langu, akainama, akainuka. Mimi nilijua nimefanya nini: kosa jingine lolote, ndivyo alivyosema, na kosa hilo nimelileta mimi. Bwana Brekke akanywa funda moja.

“Haya, shemeji,” akasema. “Ingeweza kuwa mbaya zaidi.”

Akaingia ofisini kuangalia mashine yenu imeandika nini, na sote tukamfuata, Dale naye. Ndugu Meneja, ilikuwa imeandika kila kitu. Vani imeegeshwa mahali pake. Injini imezimwa. Hamna mtu ndani. Imegongwa kutoka nyuma na gari jingine, dereva wa vani hahusiki. Palikuwa na picha yangu pia, ile ya kamera ya nyuma: ninakuja kinyumenyume, uso umegeukia kwingine kabisa, natabasamu. Bwana Brekke aliitazama. Alisema kwamba tangu Novemba hajaona siku ambayo Orrin Tollefson hana hata kosa moja kwenye mashine, na kwamba hawezi kumweka mtu mezani siku kama hiyo. Akampa funguo za vani ya akiba, kwani huko Esko kuna familia yenye mtoto mchanga na tanuru lao lilizimika alfajiri. Orrin akaenda. Amebaki barabarani, na aliyemtetea ni kile chombo chenu ambacho nimekisema vibaya kurasa zote hizi.

Kwa hiyo nafuta lalamiko la kwanza, la pili, la tatu na la nne. La tano nafuta pale nilipowalaumu tu, sifa za Dada Kao zibaki. Usajili wangu usimamishwe. Badala yake naomba Dada Kao aje haraka iwezekanavyo alifungie gari langu vitu vyote mlivyo navyo: kengele, vihisi vya nyuma, na kamera ya kunitazama machoni. Msipunguze sauti.

Jioni hii nilimuuliza Orrin kwa nini hakunipigia kelele, maana alikuwa amesimama palepale, ameelekea kulekule, na vani ile ni nyeupe na kubwa kama nyumba ya kuku. Aliacha uma.

“Vani sikuiona,” akasema. “Nilikuwa nakutazama wewe.”

Basi naomba kamera ziwe mbili. Ya pili mfungieni yeye, popote itakaposhika.